Picha za Arusi na Nyakati za Swala: Nasaha kwa Wenye Shughuli



Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ndoa kuwa utulivu na huruma baina ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tangu uandame mwezi wa Mfungo Mosi, haipiti wiki ila hualikwa arusi mbili au tatu. Juma lililopita, baada ya swala ya Alfajiri, mzee mmoja katika majirani zetu alinifuata nje ya msikiti akiwa na karatasi mkononi. Anamwoza binti yake mwezi ujao, na mpiga picha waliyemkodi amewaletea ratiba ya siku nzima. Akaniambia, "Sheikh, nitazamie hii. Vijana wanasema ndiyo desturi ya siku hizi, lakini moyo wangu haujatulia."

Naliisoma karatasi ile mara mbili. Ilikuwa na mistari kumi na minne, tangu saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 usiku. Palikuwa na wakati wa kupiga picha viatu, wakati wa kupiga picha pete na manukato, wakati wa bwana arusi na marafiki zake, na saa mbili nzima za maarusi peke yao ufuoni. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa swala. Wala hapakuwa na mstari wa wazee. Nikahi yenyewe, ambayo ndiyo iliyoyaleta hayo mengine yote, ilipewa dakika 20, na pembeni yake pameandikwa: "ikichelewa, tutapunguza."

Nikamwambia yule mzee kwamba kosa si la mpiga picha. Yeye ameipanga kazi yake kama afanyavyo fundi yeyote. Kosa ni letu sisi tunaompa siku yetu yote aikate apendavyo. Mwenye arusi ndiye mwenye siku. Yampasa yeye kuipanga kwanza, kisha amwoneshe fundi nafasi zake. Basi tuliketi barazani tukaipanga upya, na kwa kuwa najua nyumba nyingi zina haja hiyo hiyo, nimeona niyaandike hapa yale tuliyoyapanga.

Najua wako watakaouliza, je, picha zenyewe zafaa? Wanavyuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, wala si kuunda sura kama afanyavyo mchongaji. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia naye alishikilia kuwa imekatazwa ila penye dharura. Mwenye kujiepusha amejihifadhi, na asilazimishwe na mtu kusimama mbele ya kamera. Lakini nyumba nyingi zetu zapiga picha, na kunyamaza hakutazizuia. Ninayoyaandika ni kwa hao wapigao, ili wasiipoteze faradhi kwa ajili ya jambo ambalo upeo wake ni kuwa mubaha.

Na nina sababu nyingine ya kuandika. Nilipomwoza binti yangu wa kwanza, habari za picha niliziona ni za watoto na wanawake, nikazipa kisogo. Sikuuliza ratiba, wala sikumteua mtu wa kuisimamia. Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliketi sebuleni tangu Alasiri, amevaa leso yake mpya na kikuba cha asumini kifuani, akingoja kupigwa picha na mjukuu wake aliyemlea. Kila alipoinuka aliambiwa, "Ngoja kidogo, bibi, bado marafiki." Magharibi ikaingia, maarusi wakatolewa kwenda kupigwa picha kwingine, na yeye akarudishwa nyumbani kwa kuwa macho yake hayakuona vyema usiku. Hakulalamika. Alisema tu, "Siku nyingine, inshallah." Hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Tuna picha zaidi ya 600 za siku ile, na katika hizo mamangu anaonekana katika moja, amekaa nyuma ya watu, uso umegeuka upande. Binti yangu huitazama hiyo moja kuliko nyingine zote, na mimi kila nimwonapo akiitazama, najua kuwa aliyempunja ni mimi.

Basi tuanze na msingi, nao ni swala. Qur'ani imetufunza kuwa swala ni faradhi iliyowekewa nyakati, na arusi si safari wala mvua hata ikaruhusu kukusanya swala katika madhehebu yetu ya Shafii. Hapa kwetu Mombasa, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hazisogei sana mwaka mzima. Adhuhuri huingia baada ya saa 6:00 mchana, na haivuki sana saa 6:30. Alasiri huwa baina ya saa 9:15 na saa 10:00. Magharibi baina ya saa 12:00 na saa 12:45, na Isha saa moja na zaidi kidogo baada yake. Mwenye arusi achukue kalenda ya msikiti wake, atazame tarehe yake, aziandike nyakati hizo tano kwanza katika karatasi tupu. Kisha mengine yote yapangwe katika mianya iliyobaki.

Atakayefanya hivyo ataona kuwa nyakati za swala na mahitaji ya mpiga picha havigombani. Waulize mafundi wenyewe, watakwambia kuwa jua la adhuhuri ni adui yao: liko utosini, hutia vivuli machoni na kuwafanya watu wakunje nyuso. Mwanga waupendao ni ule wa jioni, jua linapokuwa limeinama, na kwetu jua likishatua giza huingia upesi. Kwa hiyo baina ya Alasiri na Magharibi pana kama saa mbili na nusu, nazo ndizo bora za siku kwa picha. Hizo ndizo za kuchungwa zisipotee bure.

Asubuhi isimsumbue bibi arusi. Mpiga picha, akija saa 4:00, apige nyumba inavyoamka: wanawake wakitunga asumini, sufuria za pilau uani, joho na kilemba vya bwana arusi vilivyotandazwa kitandani, hina mikononi. Kazi hiyo ni ya saa moja. Kisha aende zake apumzike hadi alasiri, na mwenye nyumba asilipie saa za bure.

Baada ya Adhuhuri bibi arusi ale ashibe, maana wengi huzimia kwa njaa wala si kwa haya. Saa 8:00 mpambaji amfanyie mapambo mepesi, naye awe na udhu wake wa Adhuhuri akiweza kuuhifadhi. Alasiri ikiingia aswali. Udhu ukimtoka, aoshe uso atawadhe. Mapambo mepesi hayana hasara kubwa. Hina haizuii udhu, kwa kuwa ni rangi tu isiyo na gamba. Rangi ya kucha inayofanya gamba huzuia maji yasifike, basi iachwe mpaka swala zote ziishe, au isipakwe kabisa.

Nikahi iwe msikitini baada ya Alasiri, na ipewe saa nzima isiyopunguzwa. Hapo mpiga picha ni mgeni miongoni mwa wageni. Asimame mahali pamoja, asipite mbele ya wanaoswali sunna, asiangaze taa yake machoni mwa walii. Kuna mara moja nilikuwa nafungisha nikahi, kijana mwenye kamera akaniomba walii na bwana arusi warejee kushikana mikono na kuyasema maneno tena, kwa kuwa betri ilimwishia. Nilimwambia, "Mwanangu, nikahi ni katika mambo ambayo hata mzaha wake huhesabiwa kweli. Haiigizwi kwa ajili ya betri." Nguzo zake ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na matamko, kamera haimo. Akitaka picha ya utulivu, aipate wakati wa kutia saini cheti, maana hapo watu wote huinama mezani na hapana wa kumharakisha. Kisha halua na kahawa, na bwana arusi asindikizwe.

Tuseme amefika nyumbani kwa bibi arusi saa 11:00 na jua latua saa 12:20. Kuna dakika 80, na katika hizo toa 15 za kuingia, kusalimiana na kumpa mkono mkewe, na 20 za mwisho watu wajiandae na swala. Zabaki dakika 45. Kundi moja la watu, hadi wapangike, watoto wanyamaze na kofia zinyooke, halipungui dakika 4. Basi hesabu ni makundi 11, wala si zaidi. Nyumba iliyoandika makundi 30 imeandika ugomvi.

Orodha hiyo iandikwe siku tatu kabla, na ipangwe kwa umri na udhaifu, isipangwe kwa urafiki. Wa kwanza ni mabibi na mababu. Wa pili ni wazazi. Kisha walio na watoto wachanga, kisha jamaa waliotoka mbali, Lamu au Malindi au Unguja, ambao huenda wasionane tena karibu. Ndugu wafuate. Marafiki wawe mwisho, kwa kuwa wao watakuwapo kesho na kesho kutwa. Bibi asiyeweza kuinuka asiinuliwe. Maarusi ndio waende wakae kandoni mwake. Na ateuliwe mtu mmoja azijuaye nyuso zote, shangazi au khalati mwenye sauti, akae na karatasi aite majina. Mpiga picha hawezi kujua nani mama na nani jirani.

Katika kupanga huko sheria yetu yatusaidia. Nikahi ikishafungwa tu, mama wa mke amekuwa maharimu wa bwana arusi, na baba wa mume amekuwa maharimu wa bibi arusi, na kadhalika mababu na mabibi wa pande zote mbili. Hao wote waweza kusimama na maarusi pamoja bila ya tatizo. Shemeji si maharimu, wala binamu, wala rafiki wa bwana arusi hata akiwa ni kama ndugu. Basi picha za maarusi wote wawili ziwe za wazazi na wazee kwanza. Zikiisha, bwana arusi atoke nje apige na wanaume, na bibi arusi abaki ndani na wanawake. Kumbe ratiba iliyotangulizwa wazee na ratiba iliyochunga maharimu ni ratiba moja.

Wako wanaotaka kuwapeleka maarusi Fort Jesus au Mama Ngina wakati huo huo. Sikatazi mume kutembea na mkewe. Lakini pimeni: kwenda, kungoja nafasi, na kurudi katika msongamano wa magari ya jioni ni zaidi ya saa moja na nusu, na saa hiyo ndiyo ile ile ya wazee na ya Magharibi. Juu ya hayo, bibi arusi aliyepambwa ataonwa na umma wa watu, kila mmoja na simu yake. Wakitaka, waende asubuhi nyingine, saa 12:30, wamevaa nguo zao za heshima, pwani iko tupu na mwanga ni ule ule wa jua lililoinama. Ukumbi wa nyumba za kale, karibu na dirisha au katika kiwanda kilicho wazi juu, una mwanga mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Magharibi inaingia. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Katika madhehebu yetu, ngozi ya mume na ya mke zikigusana udhu umetenguka. Maana yake ni kwamba maarusi walioshikana mikono mbele ya kamera saa 11:15 hawana udhu tena, hata kama waliutunza tangu Adhuhuri. Bibi arusi atapaswa kutawadha upya, na kama amepakwa yale mapambo mazito ya usiku, atasitasita, na mara nyingi husitasita mpaka wakati ukatoka. Ndiyo maana nikasema mapambo ya mchana yawe mepesi. Aoshe, aswali Magharibi, apumzike, aswali Isha mara tu iingiapo. Baada ya Isha ndipo mpambaji aanze ile kazi yake kubwa ya saa mbili. Kupamba kwetu hakuanzi mapema. Bibi arusi hatolewi ukumbini kabla ya saa 4:00 usiku. Basi wakati upo, na atapanda jukwaani hana deni na Mola wake.

Sasa tufike ukumbini. Usiku wa kupamba ni wa wanawake. Huvua mabuibui yao kwa kuaminiana, mama na binti, jirani na jirani. Kuaminiana huko ndiko amana, na yeyote apigaye picha humo ameibeba. Mpiga picha awe mwanamke. Hilo wengi wanalijua. Lakini ulizeni na la pili: nani atazisafisha picha hizo, na nani atazichapa? Mara nyingi bibi mwenye kamera huzipeleka dukani kwa kijana, naye akakaa nazo usiku kucha akizipanga rangi. Hapo buibui livuliwalo ukumbini limevuliwa dukani. Ulizeni pia zitahifadhiwa wapi, zitafutwa lini, na kama fundi atazitumia kutangaza kazi yake. Yote hayo yaandikwe katika karatasi kabla ya kutoa arbuni. Ikiwa Qur'ani imetuagiza kuandika madeni ya mali, basi sitara ya wake zetu ni ghali zaidi ya mali.

Sheria ya nchi nayo iko upande wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa ni habari zake binafsi. Aliyetumiwa picha yake pasi na idhini ana pa kushtakia. Lakini mashtaka huja baada ya kuvunjika jambo, na picha iliyokwisha kuingia katika simu za watu hairudi, kama maji yaliyomwagika. Afadhali kuzuia mlangoni. Simu ziwekwe mlangoni katika mifuko yenye majina, na mama mwenye shughuli awe wa kwanza kuitoa yake. Akiingia na yake mkononi, hana uso wa kumzuia mgeni. Na picha za ukumbini zipigwe kwa muda maalumu, nusu saa, huku zikitangazwa, ili asiyependa ajifunike au atoke. Nusu saa hiyo ikiisha, kamera ifungwe, watu wafurahi.

Jambo la mwisho ni la gharama. Saa za mpiga picha ni fedha. Ratiba niliyoieleza ina saa moja asubuhi, saa mbili na nusu za alasiri, na nusu saa ya usiku. Ni saa nne, mahali pa zile kumi na tano za karatasi ya yule mzee. Kilichobaki na kiongezwe katika walima. Mtume wetu (S.A.W.) alimwagiza Abdurrahman bin Auf afanye karamu ijapokuwa kwa mbuzi mmoja, hakumwagiza zaidi ya kuwalisha watu. Na katika walioalikwa wasisahauliwe maskini wa mtaa.

Tulipomaliza, yule mzee aliikunja karatasi mpya akaitia mfukoni, kisha akaitoa tena. Akaniomba kalamu. Katika mstari wa saa 11:15, juu ya jina lake na la mkewe, aliandika jina la mama mkwe wake, ambaye sasa hatoki kitandani. Akasema, "Hapo maarusi watakwenda chumbani kwake. Sisi wengine tutangoja."

Nikamwambia ratiba yake sasa imetimia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awabariki maarusi wetu, awakusanye katika kheri, awahifadhie sitara zao, na awarehemu wazee wetu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.